Kisimani kwa Liyongo: Nani Alikuja Kumfariji Mama?

Katika semina yetu moja ya tenzi, mwenzetu aliyepewa zamu ya kuwasilisha mada juu ya Utenzi wa Fumo Liyongo aliwapanga wahusika ubaoni kwa mtindo tuliouzoea tangu kidato cha tano. Mhusika mkuu: Liyongo. Wahusika wasaidizi: Sultani wa Pate, mtoto wa Liyongo, Saada. Wahusika wadogo: Wagala, walinzi wa gereza, na mama. Alipofika kwenye tukio la kisimani akasema kwamba hapo msanii ametumia kejeli, maana mji mzima wenye wanaume na silaha zao unamwogopa maiti. Darasa likacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kicheko kile, ambacho sasa nakiona kuwa ulikuwa uhakiki mbaya.

Kwa faida ya wale ambao hawajausoma utenzi huu, au waliusoma kwa ajili ya mtihani tu, niukumbushe kwa ufupi. Ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na toleo tunalolitumia wengi wetu ni lile lililotolewa Dar es Salaam mwaka 1973, lenye dibaji ya Abdilatif Abdalla. Hadithi yenyewe ni kongwe kuliko utenzi. Edward Steere alikwisha kuichapa katika Swahili Tales mwaka 1870, na wataalamu mpaka leo wanavutana juu ya karne aliyoishi Liyongo. Liyongo ni shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini. Sultani wa Pate anamhofia, hivyo anatafuta kila njia ya kumwondoa. Njia zote zinashindwa. Mwishowe anamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya cheo na ya mke. Mtoto anamwendea baba yake, anamwuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua, na baba, ingawa anahisi kabisa kwamba mwanawe ametumwa, anamtajia: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Mtoto anamchoma akiwa usingizini.

Hapa ndipo tukio letu linapoanza. Liyongo anaamka na jeraha lake, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuutega mshale kwenye upinde. Anakata roho akiwa vile vile. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai na kwamba ana hasira, na hakuna anayethubutu kusogea. Sasa mji hauna maji. Ndipo wanapomwendea mama yake na kumwomba aende akambembeleze mwanawe. Mama anakwenda. Anamwimbia mashairi ya kumtuliza, siku ya kwanza na siku zilizofuata. Mtoto hajibu. Hatimaye maiti inaanguka, na kwa kuanguka kule ndipo inapojulikana kwamba Liyongo alikufa zamani.

Hebu tulitazame tukio hili kutoka upande wa mama, siyo upande wa mji.

Kwanza, huyu si mama wa kukaa jikoni tu akisubiri habari. Liyongo alipofungwa na kuhukumiwa kufa, mama ndiye aliyemwokoa. Chakula kizuri alichokuwa akimpelekea kwa mkono wa Saada kililiwa na walinzi. Basi Liyongo akampa Saada ujumbe kwa njia ya wimbo, ambao walinzi waliusikia bila kuuelewa: mama aoke mkate wa wishwa, mkate wa kimaskini ambao mlinzi hataugusa, na ndani yake atie tupa. Mama akausikia wimbo, akauelewa, akauoka mkate. Liyongo akakata pingu zake kelele za ngoma ya gungu zikiifunika sauti ya tupa. Kwa hiyo kati ya mama huyu na mwanawe kulikuwa na lugha ya nyimbo ambayo watu wengine hawakuijua, na lugha hiyo iliwahi kumtoa mtoto kinywani mwa mauti.

Sasa rudi kisimani. Mama anatumia tena silaha ile ile, wimbo. Safari hii hapati jibu. Kama tukisoma matukio haya mawili mbali mbali, la pili linaweza kuonekana la kuchekesha. Tukiyasoma pamoja, hakuna cha kucheka. Mara ya kwanza mtoto aliimba na mama akaelewa. Mara ya pili mama anaimba na hakuna wa kuelewa.

Pili, kuna neno hili "kubembeleza". Wenzangu wa upande wa isimu watanisaidia, lakini hata bila wao kila mmoja wetu anajua kwamba tunambembeleza mtu mwenye hasira ili atulie, na tunambembeleza mtoto mchanga ili alale. Ni neno moja. Mji ulimtuma mama kwa maana ya kwanza. Yeye alipofika pale, akaimba mbele ya mwanawe ambaye hasogei wala hasemi, alikuwa anafanya ile ya pili bila kujua. Alikuwa anamwimbia bembelezi mtu ambaye amekwisha kulala.

Tatu, na hili ndilo shina la hoja yangu: mji haukumwendea mama kwa kumwonea huruma. Ulimwendea kwa sababu ya maji. Sisemi kwamba haja ya maji ni dhambi. Watu wana watoto, wana vyungu vyao. Nasema tu kwamba mtu wa kwanza aliyestahili kufarijiwa katika mji ule alitolewa nyumbani akafanywa chombo cha kuwapa watu wengine nafuu. Kazi aliyopewa ni kutuliza, wakati yeye ndiye mfiwa.

Nilipoliona hilo nikaanza kujiuliza kama ni la utenzi huu peke yake. Nikakumbuka baba wawili katika maandishi tunayoyafahamu.

Baba wa kwanza ni Yakubu. Kisa cha Yusufu kimo katika Kurani na katika Biblia, na washairi wetu wa pwani wamekitungia utenzi. Sisi wasomaji tunajua kwamba Yusufu hakuuawa, lakini baba yake analetewa nguo yenye damu na kuambiwa kwamba mtoto ameliwa na mnyama. Wanaomletea habari ni wanawe wengine, ndio hao hao waliomtupa ndugu yao kisimani. Katika Biblia watoto wake wote wanaondoka kwenda kumtuliza, naye anakataa kutulizwa. Katika Kurani hadanganyiki tangu mwanzo. Anawaambia kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo hilo, anashika subira, na miaka inapita mpaka macho yake yanapofuka kwa huzuni. Hata hapo wanawe wanamlaumu kwa kuendelea kumtaja Yusufu, kana kwamba tatizo ni kumbukumbu yake, siyo kitendo chao. Angalieni kwa nini mnyama anahitajika katika uongo ule. Mnyama akiua, hakuna wa kuulizwa. Mauaji yanageuzwa ajali, na baba anatakiwa kulia kama mtu aliyepatwa na bahati mbaya.

Baba wa pili ni Macduff katika Macbeth ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili na kuiita Makbeth mwaka 1968. Macduff yuko Uingereza wakati Ross anapomletea habari kwamba mke wake na watoto wake wote wamechinjwa. Anauliza mara kadhaa kama ni wote kweli, kama mtu asiyeamini hesabu. Malcolm, mtoto wa mfalme aliyeuawa, amesimama pale pale, na faraja anayompa ni kwamba huzuni hii ifanywe dawa ya kisasi, na kwamba alikabili jambo hili kama mwanamume. Macduff anamjibu kwamba atafanya hivyo, lakini kwanza hana budi kuyahisi maumivu hayo kama mwanamume vile vile. Jibu hilo lina uzito kwa sababu tunajua Malcolm anataka nini. Ana jeshi, anataka kiti cha baba yake, na baba mwenye uchungu ni askari mzuri.

Basi tuna wafariji wa aina tatu, na kila mmoja ana haja yake mfukoni. Mji wa Liyongo unataka maji. Watoto wa Yakubu wanataka siri yao isifukuliwe. Malcolm anataka vita. Hakuna hata mmoja ambaye amekuja kukaa tu na mfiwa. Na wote wanatumia lugha nzuri, lugha ya huruma, ya kumjali mzazi.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mhakiki wa fani ataniambia kwamba tukio la kisimani lipo kwa ajili ya kumkuza shujaa, kwamba tenzi za kishujaa zina desturi ya kutia chumvi, na kwamba shujaa anayetisha hata akiwa maiti ni kilele cha chumvi hiyo. Sibishi. Lakini mtunzi angeweza kumkuza shujaa bila mama. Angeweza kumwacha aanguke mwenyewe siku ya tatu, au akamtuma kijana jasiri wa mji akamguse kwa fimbo. Hakufanya hivyo. Alimwita mama, akampa mashairi mdomoni, akamrudisha tena na tena. Mwenzangu mwingine, wa upande wa "nafasi ya mwanamke katika jamii", ataandika kwamba mama amechorwa kama mlezi mwenye mapenzi na mshauri mwema, kisha ataweka nukta na kuhamia kwa Saada. Nukta hiyo ndiyo ninayoilalamikia. Kumwita mtu "mlezi mwenye mapenzi" ni kuandika wasifu wake. Tunachotakiwa kuuliza ni alifanyiwa nini.

Na alifanyiwa jambo zito kuliko tunavyokiri. Tunapenda kusema kwamba dhamira ya utenzi huu ni usaliti, mtoto kumwua baba. Ni kweli, lakini usaliti huo una mtu wa tatu. Aliyeuawa ni mwanawe. Aliyeua ni mjukuu wake. Mwingine akiuliwa mtoto anaweza angalau kumchukia muuaji kwa moyo mmoja. Mama yake Liyongo hana hata anasa hiyo. Akitaka kisasi, atakitafuta kwa damu yake mwenyewe. Utenzi unatuonyesha mtoto yule hakufaidi zile ahadi za Pate na naye akafa. Wasomaji wengi hupumua hapo, wanasema haki imetendeka. Mimi najiuliza kama bibi yake naye alipumua, au alihesabu msiba wa pili. Sehemu ya maombolezo yake ni fupi sana ukiilinganisha na sehemu ya kisimani, na mara hadithi inahamia Pate kwenye furaha ya Sultani.

Hapa naomba radhi kwa wahariri, maana nitatoka kidogo nje ya matini. Nisipotoka, hoja yangu itabaki nusu.

Mwaka juzi mtoto wa mama mkubwa wangu aliuawa. Aliitiwa mwizi usiku, katika mtaa aliokulia, watu wakatoka na magongo na mawe. Mambo kama haya yakiandikwa magazetini huandikwa kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari huishia hapo. Kama aliiba au hakuiba sitalijadili. Mama mkubwa naye hakulijadili, na wale waliotaka alijadili aliwaacha wanaongea peke yao.

Nilikaa naye matanga yote. Turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, daftari la rambirambi likafunguliwa, wali ukapikwa. Kila aliyeingia alimshika mkono akasema kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe katika misiba mingi na sikuwahi kuyatilia shaka. Yana kazi yake. Kwa mtu aliyekufa kwa homa, au mzee aliyemaliza siku zake, yanampa mfiwa mahali pa kuegemea. Lakini pale nilimwona mama mkubwa kila akiambiwa hivyo anaitikia kwa kichwa na kuutoa mkono wake taratibu. Kwani ile ilikuwa kazi ya nani? Tunasema mtu amefiwa na mtoto, na tunasema mtu ameuliwa mtoto. Katika maneno yote mawili anayetendewa ni mzazi, lugha yetu inalijua hilo vizuri. Ila la kwanza unaweza kulisema bila kumfikiria mtu mwingine yeyote. Ukisema la pili, yuko aliyeua, hata usipomtaja. Watu mle turubaini walikuwa wanamfariji mama aliyefiwa. Mama aliyeuliwa mwanawe hakuna aliyemsogelea. Ni mnyama wa watoto wa Yakubu tena, safari hii ameitwa Mungu.

Na wengine walikuwa na sababu ya kutosogea. Miongoni mwa waliokaa chini ya lile turubai walikuwamo watu waliokuwapo usiku ule. Mtaa mzima ulijua, na yeye alijua. Siku ya tatu wakaja wazee wawili, watu wa heshima zao, wakakaa mkekani wakamwambia kwamba yule mdogo wa marehemu amesikika akisema maneno mabaya. "Dada, wewe ndiye mama. Mbembeleze mwanao asije akatuletea balaa." Mama mkubwa akaahidi kuzungumza naye, na kweli usiku alimwita uani wakazungumza.

Hapo ndipo nilipoukumbuka utenzi, nikakumbuka na kicheko chetu cha semina. Mji unasema Liyongo ana hasira. Liyongo hana hasira yoyote, amechomwa sindano. Hasira iliyoua kule mtaani ilikuwa ya mtaa wenyewe, mpaka magazeti yameizoea. Lakini aliyetakiwa kutulizwa alikuwa ndugu wa marehemu, na aliyetumwa kutuliza alikuwa mfiwa. Wazee wale hawakuwa waovu. Walitaka mtaa ulale. Watu wa kisimani nao walitaka maji tu.

Ningeweza kuishia hapa, na hoja ingekuwa imekamilika: kwamba tukio la kisimani si kejeli juu ya woga wa watu, ni picha ya jinsi jamii inavyomtumia mzazi mwenye msiba. Rasimu ya kwanza ya makala haya iliishia hapo. Lakini likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia mama mkubwa, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za masomo akaniuliza siku hizi chuoni tunasoma nini. Nikamsimulia hadithi ya Liyongo kama nilivyoisimulia hapa. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kisimani nikaitia chumvi kidogo ili aone vile mji ulivyomtumia yule mama. Hakulishughulikia hilo. Akaniuliza: "Siku ngapi alikwenda?"

Nikamwambia ni siku kadhaa.

Akasema, "Afadhali yeye, mwanangu. Alipata kumwimbia."

Nilinyamaza. Nilikuwapo siku ile, kwa hiyo najua alichokuwa akikisema. Mwanawe aliletwa nyumbani amekwisha kuoshwa na kukafiniwa na wanaume. Mama aliruhusiwa dakika chache, akaambiwa asifunue uso kwa sababu ya hali ulivyokuwa, kisha jeneza likainuliwa kwa sababu maiti haikai. Makaburini hakwenda. Tangu mtoto anatoka mlangoni jioni akiwa mzima mpaka anazikwa, hakupata nafasi ya kumwambia neno.

Sijui kama mama yake Liyongo angekubaliana naye. Yeye hakujua kwamba anamwaga maiti. Alidhani anamtuliza mtu mzima mwenye chuki. Pengine alipojua, zile siku zilimwuma zaidi. Lakini mama mkubwa ameniwekea mbele kitu ambacho nadharia yangu ya haja na wafariji haikukiona. Mji ulimtuma mama kwa faida ya mji, hilo halijabadilika. Katika kutumwa kule akapewa, bila mtu yeyote kukusudia, muda wa kukaa na mwanawe na kusema naye, wakati bado ana sura yake na amepiga goti kama alivyokuwa akipiga goti siku zote. Hakuna aliyekuwa akimharakisha. Mji mzima ulikuwa umesimama mbali, kimya, unamsubiri amalize.

Nadhani hiyo ndiyo sababu mtunzi hakumtuma kijana mwenye fimbo. Sina ushahidi wa kutosha kusema kwamba Kijumwa alikusudia hivyo, na mhadhiri wangu ataniandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba nia ya mtunzi si kigezo. Basi nasema hivi tu: utenzi unaruhusu kusomwa hivyo, na aliyeusoma hivyo ni mtu anayelijua jambo lenyewe.

Mwenzetu yule wa semina ni rafiki yangu, na mada yake kwa sehemu kubwa ilikuwa nzuri. Nimekwisha kumwambia kwamba tutakaporudi kwenye tenzi nitaomba nafasi ya kuchangia, na kwamba mchango wangu utaanza kwa kufuta jina moja kwenye safu ya wahusika wadogo.